Paa Nisiloruhusiwa Kulitazama

Kazi yangu ni kuangalia juu. Huu ni mwaka wa kumi na nne nikiwa fundi wa mapaa mjini Migori, na shingo yangu imezoea kulala nyuma hata nikiwa kanisani. Mchungaji hudhani namtazama Mungu, kumbe nahesabu kenchi, zile pembetatu za mbao zinazobeba mabati. Nikiingia nyumba yoyote macho hupanda yenyewe, hayaniulizi. Nyumba moja tu ndiyo iliyoyakataza, nayo ilikuwa nyumba ya mama mkwe wangu, Benta, kule Lambwe.

Nieleze mapema nisije nikaonekana mtu wa kulalamika bure. Mimi ni Mkuria, mke wangu Mourine ni Mjaluo. Kwetu, mtu na mama mkwe wake hawapeani mikono, wala hawaketi benchi moja. Hilo nililijua tangu utotoni. Kwao Lambwe wakaniongezea la kwao: mkwe akiwa ndani ya nyumba ya mama mkwe, macho yabaki chini, asitazame paa. Siku ya mahari mzee Wangwe, baba mdogo wa Mourine, alinitajia sheria hiyo mbele ya watu, akamalizia kwamba mkwe akithubutu kuinua macho, basi paa hilo ni lake, aliezeke upya kwa mikono yake. Watu walicheka. Nami nikacheka kwa sababu mgeni hana budi, lakini moyoni nilijiuliza kama ukoo ule uliwahi kuozesha binti kwa fundi wa mapaa.

Mama Benta hulima karanga na mahindi, na hulima kweli. Ghala lake la uani lilikuwa la fito za kusuka. Mchwa walikula miguu yake, na kilichobaki wakakimaliza tumbiri wanaotoka upande wa mbuga. Tangu hapo magunia yalihamia sebuleni. Mgeni akija anakaribishwa juu ya gunia, na akitaka kunyoosha miguu anainyoosha juu ya gunia la pili. Alipojenga nyumba mpya ya matofali, kuta zikafika juu, alimwambia Mourine kwamba anataka paa lenye stoo ndani yake. Kwa maneno yake mwenyewe, alitaka kulala chini ya chakula chake.

Habari hizo zilinifurahisha kuliko nilivyoonyesha. Paa la namna hiyo nililijua. Nilikuwa nimemjengea Hemed, mwenye duka la magodoro hapa mjini, na mpaka leo magodoro yake yamelala huko juu makavu, na watu hupita dukani kuliangalia. Nikaona nimepata nafasi ya kumfanyia mama mkwe kitu cha maana kuliko sukari na leso za Krismasi.

Tofauti yake na paa la kawaida ni hii. Kenchi ya kawaida ina nguzo fupi katikati, na mbao zinazokingama huku na huku kuisaidia. Inabeba mabati vizuri sana, lakini ndani yake hata paka hupita kwa kuomba njia. Ukitaka stoo, katikati unapaacha wazi. Nguzo unazisogeza pembeni, moja huku na moja kule, zinakuwa kama kuta za chumba, na juu ya kichwa unafunga ubao mmoja wa kulala. Kisha kuna ule ubao mrefu wa chini, mtambaapanya. Siku zote kazi yake ni kushika kuta zisitanuke, lakini ukishaweka stoo juu yake umegeuka sakafu. Kwa hiyo hauwi tena wa inchi nne kwa mbili. Unakuwa wa sita kwa mbili, uliosimamishwa wima, mmoja kila baada ya futi mbili, na katikati ya safari yake lazima upate kitu cha kuuegemeza kutoka chini. Ukipandisha magunia juu ya mitambaapanya myembamba, mtu anayelala chini yake amejichimbia kaburi akalitundika juu.

Nani angelijenga paa hilo sasa? Si mimi. Nilimtuma Mourine aulize kama naweza kusimamisha kenchi kabla ya mabati, maana bila mabati hilo si paa bado. Mzee Wangwe alijibu kwamba paa huanza siku ubao wa kwanza unapopanda ukutani. Wanasema mganga hajigangi, lakini mganga angalau anaruhusiwa kujitazama.

Basi nikachora. Nilikata kipande cha katoni safi, nikachora kenchi moja kubwa, nikaandika unene wa kila ubao na idadi ya misumari kila mahali mbao zinapokutana. Vipimo vya nyumba nilipewa kwa simu. Wakati huo nilikuwa Ogwedhi, nikiezeka kibanda kirefu cha wafanyabiashara wa ng'ombe, na sikwenda Lambwe kuziona zile kuta, ingawa kuta tupu hakuna aliyenikataza kuzitazama. Hilo nitalirudia, kwa sababu lilikuja kuniuma.

Kazi akapewa Ken wa Sindo. Ken ni mkubwa kwangu kwa umri, na kabla ya nyumba alitengeneza mashua za wavuvi miaka mingi. Msumari wake hutoboa ubao hadi upande wa pili, kisha huikunja ncha yake kwa nyundo, kama inavyofanywa kwenye mashua. Ni mtu wa heshima na hana uvivu. Ila akishashika jambo lake, utang'oa msumari wake kabla ya kuling'oa hilo.

Siku ya pili ya kazi alinipigia simu.

"Fundi, hii mchoro yako iko na shida. Katikati ni empty. Siro iko wapi?"

Siro ni ile nguzo ya katikati katika nyumba za zamani za Wajaluo, iliyosimama sakafuni ikabeba paa. Watu huizungumzia kama mtu. Huiita mwanamume wa nyumba. Nilimweleza Ken kwamba hii ni nyumba ya matofali yenye pembe nne, na paa lake halihitaji siro.

"Huyu mama ni mjane," akasema. "Mimi siwezi kuwekea mjane nyumba haina siro. Hata yeye mwenyewe ameniuliza."

Nikamwambia afuate mchoro. Akasema sawa. Ile sawa niliitambua, kwa sababu hata mimi huwapa wateja wangu ninapokuwa nimeshaamua kufanya ninavyotaka. Lakini ningefanya nini, nipande juu ya mabati ya mama mkwe?

Wiki tatu baadaye Mourine alirudi kutoka kwao akiwa na picha za paa kwenye simu. Hakukubali kunionyesha. Alisema picha ya paa ni paa, akaibana simu kifuani, akanisimulia kama mtu anayemsomea kipofu barua. Nilimwuliza katikati ya kenchi kuna nini. Akahesabu. Kila kenchi ilikuwa na nguzo yake katikati, na mbao za kukingama kama kawaida, zote za nne kwa mbili, kwa sababu Ken aliona zile nene zitachosha kuta. Kenchi zilikuwa kumi na moja. Nikamwambia mke wangu kwamba mama yake alikuwa mjane wa mume mmoja, na sasa ameozwa kumi na mmoja kwa mpigo. Hakucheka.

Nilikasirika vibaya. Nilisema paa lote lishushwe, lijengwe upya kwa kufuata mchoro, kwa sababu nguzo zile zinazuia kila kitu na hakuna gunia litakalopita. Nililisema hilo kwa Mourine. Mourine akamwambia mama yake. Mama Benta hakutaka hata kusikia habari ya kushusha paa jipya, mavuno yakiwa uani na mawingu yameanza kukusanyika. Alichosikia katika maneno yangu yote ni kwamba nguzo zinazuia. Akamwambia Ken: mkwe anasema nguzo zinazuia.

Siku nne baadaye Mourine alinipigia nikiwa kazini. Sauti yake ilikuwa ya furaha.

"Baba Bhoke, shida imeisha. Ken ameingia huko juu na msumeno, amekata zote. Sasa ni wazi kabisa kama ulivyotaka. Na magunia imeshapanda, ishirini na mbili."

Nilikaa juu ya rundo la mbao. Nyundo ilikuwa bado mkononi na sikumbuki niliiweka wapi. Nguzo zile hazikuwa nzuri kwa stoo, lakini ndizo zilizokuwa zikiishikilia ile mitambaapanya myembamba isilegee. Zikiwapo, paa lilikuwa halifai kwa magunia. Zikiondolewa, halikufaa kwa lolote, na sasa lilikuwa limebebeshwa magunia ishirini na mawili juu ya sebule ambamo mama mkwe wangu hula, hupokea wageni na kusinzia kwenye kiti baada ya chakula cha mchana. Niliogopa. Nasema wazi kwamba niliogopa, na nilijua kwamba maneno yaliyomfanya Ken ashike msumeno yalitoka kinywani mwangu.

Mkwe hampigii mama mkwe simu kumwambia ahame sebuleni kwake. Nikampigia Ken. Nilimwambia ashushe magunia siku hiyo hiyo. Alinijibu kwa upole kwamba mashua hubeba samaki wengi kuliko hao na haina siro. Huyu ndiye yule aliyekataa kujenga nyumba isiyo na siro. Nilikata simu nisije nikamtukana mtu mzima.

Nikampigia mzee Wangwe. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema mambo ya wakwe hayasemwi kwa simu. Nije Jumamosi, nipikiwe kuku, niseme kwa mdomo kama mtu. Nilimwambia Jumamosi ni mbali. Akasema basi nije Ijumaa, ila kuku atakuwa mdogo. Mourine alimwomba mama yake aketi nje mpaka nifike, mama akamwuliza kama Migori siku hizi watu hulipia nyumba ili wakae uani.

Ijumaa asubuhi mimi na Mourine tulipitia Rongo na Homa Bay, tukafika Lambwe kabla ya saa sita. Kutoka nje niliona mabati ya buluu yanang'aa. Mstari wa kilele ulikuwa umebonyea katikati kidogo, kiasi ambacho mtu mwingine asingekiona. Nikiwa mlangoni nikainamisha macho kama inavyotakiwa, nikaingia.

Sijawahi kuisoma sakafu namna ile. Ilikuwa imefagiliwa asubuhi, nilijua hivyo kwa mistari ya ufagio, lakini juu ya mistari hiyo palikuwa na vumbi jipya jeupe la mbao, limeanguka katika mstari mmoja toka ukuta hadi ukuta. Kando ya ukuta wa mashariki mwanga wa jua ulipenya chini ya mabati ukalala sakafuni. Mwanga wa aina hiyo huwa umenyooka. Ule ulikuwa umepinda kama upinde, maana yake ukuta ulikuwa unasukumwa nje. Na kulikuwa na sauti. Kila baada ya muda ubao ulilia, kidogo tu, kama mtu anayegeuka kitandani.

Kiti cha Mama Benta kilikuwa katikati kabisa ya sebule. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa humo, amejifunga kitambaa kipya kichwani, amefurahi kwa kweli. Alinisalimia kwa mbali. Akamwambia Mourine aniambie kwamba sasa wageni wake wanakaa kwenye viti. Mzee Wangwe alikuwa upande wa dirisha, na Ken alikuwa karibu naye, ameitwa ili nimshukuru.

Kuku alipowekwa mezani, Mourine akaleta maji ya kunawa. Aliweka karai sakafuni mbele yangu kwa muda, arudi kuchukua sabuni. Lilikuwa na maji tele. Nikaliangalia tu, kwa kuwa macho yangu yalikuwa chini na hayakuwa na pa kwenda. Maji yakatulia, na ndani yake nikaliona paa. Niliona mitambaapanya imelegea yote, na mmoja umechanika, mpasuko wake mweupe unaonyesha mti mbichi ndani. Ulikuwa juu ya kitambaa cha Mama Benta.

"Mama," nikasema, "naomba utoke hapo ulipokaa."

Mzee Wangwe akaniuliza kuna nini. Nikasema ubao ulio juu ya mama umepasuka. Akaniuliza nimeuonaje. Nikasema nimeuona kwenye maji.

Hapo ndipo ilipoanza kesi. Nimekaa kwenye vikao vingi vya ukoo, lakini sijawahi kuona kikao kinachokaa chini ya mzigo wa magunia ishirini na mawili kujadili kama karai lina macho. Mzee Wangwe alisema kuona kwenye maji si kutazama, kwa hiyo sijavunja mwiko, na hilo ni jambo zuri. Lakini kama sijatazama, basi sijaona, na mtu ambaye hajaona hatoi ushahidi. Ken alisema maji hupindisha kila kitu, hata kasia lililonyooka likiingia ziwani huonekana limevunjika, na yeye ameishi na maji kuliko mimi. Mourine alisimama na sabuni mkononi akiniangalia mimi, akimwangalia mama yake. Ubao ukalia tena. Wote waliusikia, na wote wakaendelea kuongea.

Mama Benta hakuondoka. Aliikamata mikono ya kiti.

"Matiko," akasema, akiniita jina mwenyewe bila kumpitishia mtu, "umekuja kukula kuku yangu ama kunifukuza kwa nyumba yangu?"

Nilishikwa na hasira ambayo sijawahi kuijua. Haikuwa hasira juu yake. Ilikuwa juu ya Ken na msumeno wake, juu ya simu, juu ya katoni yangu, juu ya adabu yetu sote iliyokuwa inataka kumwua mwanamke huyu tukiwa tumenawa mikono. Kumshika mkono nimtoe sikuweza. Hata wakati ule mwili wangu ulikataa. Kulikuwa na jambo moja tu lililobaki la kufanya.

Niliinua kichwa nikatazama.

Sikutazama kwa kuiba. Nilianza ukuta wa mashariki nikaenda polepole hadi wa magharibi, mdomo wazi, kama ninavyofanya kazini. Mitambaapanya mitatu ilikuwa imepasuka. Ule wa katikati ulikuwa umefunguka kiasi cha kuingiza kidole. Juu ya kila mmoja palikuwa na kisiki cha nguzo ya Ken, kimekatwa vizuri, hakigusi kitu.

Nyuma yangu nilisikia Mourine akivuta pumzi. Mama Benta akasimama mara moja. Mwanamke wa umri wake hawezi kukaa mahali ambapo mkwe wake amesimama anakodolea macho paa lake, ni sawa na kumkuta hajavaa. Akatoka nje kwa hatua za haraka, kitambaa kimemtoka kichwani, na mzee Wangwe akamfuata, na Ken akamfuata mzee. Nikamshika Mourine begani nikamtoa naye.

Tulisimama uani jua likituwakia. Mzee Wangwe alianza kunisema, na alikuwa na haki. Alisema amewaona wakwe walevi na wakwe wezi, lakini mkwe wa kutazama paa mchana kweupe, mbele ya wazee, huyo hajamwona. Mama Benta alikuwa amenipa mgongo upande wa jiko. Nilikuwa natafuta maneno ya kuomba radhi wakati ndani ya nyumba kulipotokea mlio mkavu, halafu kishindo kimoja kizito, halafu kingine. Vumbi likatoka mlangoni.

Ken ndiye aliyekwenda kuchungulia. Alisimama mlangoni muda mrefu. Safari hii naye alitazama juu, kisha akatazama chini, kisha akarudi.

"Gunia mbili," akasema. "Imeangukia kiti ya mama. Na kuku."

Karanga zilikuwa zimemwagika mpaka kizingitini, na kuku wa Lambwe walio hai wakaanza kuja kuziokota.

Mzee Wangwe alikohoa. Alisema sheria ni sheria, na hajui kama kuna haja ya kuirudia. Mkwe ameliangalia paa, na hakuliangalia kidogo. Basi ni lake. Kutoka upande wa jiko, bila kugeuka, Mama Benta akamtuma Mourine kwangu, hatua kumi, ingawa nilimsikia vizuri. Alisema niliezeke. Lakini anataka siro.

Usidhani nilifurahi. Tangu mwanzo niliomba kupanda juu ya nyumba ile, sasa nimekabidhiwa kama adhabu, na bado kuna siro. Nililala kwa mzee Wangwe, asubuhi tukaweka miti ya kuegemeza kutoka chini, tukashusha magunia moja moja, kisha mabati, kisha kenchi za Ken zote kumi na moja. Siku ya tatu nilibaki na kuta tupu na futi yangu mwenyewe, na ndipo nilipopima sebule ile kwa mara ya kwanza.

Ilikuwa futi ishirini toka ukuta hadi ukuta, bila kitu katikati. Katika katoni yangu nilikuwa nimechora ukuta chini ya katikati ya mtambaapanya, ule wa kuuegemeza. Niliudhania tu. Kila nyumba niliyojenga Migori ina ukuta hapo. Mama Benta hakuwa na ukuta hapo kwa sababu alitaka sebule pana, na hakuna aliyeniambia kwa sababu sikuuliza. Hata Ken angefuata mchoro wangu msumari kwa msumari, sakafu ile ya juu ingelegea mwaka hadi mwaka, na mimi ningekuwa Migori nikijisifu. Nilikaa juu ya ukuta nikiona aibu hadi masikio yakapata moto. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Kilichohitajika pale ni nguzo moja nene, isimame katikati ya sebule, ibebe boriti moja, na boriti ibebe mitambaapanya yote. Mama mkwe wangu alikuwa ameiomba tangu siku ya kwanza. Ken alisikia siro akaipeleka juu, mahali magunia yanapokaa. Mimi nilisikia siro nikaona ushamba. Hakuna kati yetu aliyemwuliza anataka isimame wapi. Nilishuka nikamwendea mzee Wangwe nikamwuliza ni mti gani unaofaa. Akasema siala, tena uliokauka, na akanionyesha mmoja aliokuwa ameuhifadhi nyuma ya zizi.

Ken alichimba shimo. Sikumwita, alikuja na jembe lake kutoka Sindo akaanza kuchimba. Mzee Wangwe aliushika mti ukasimama, mimi nikauweka sawa kwa kamba na jiwe. Tuliweka mbao za sita kwa mbili, nguzo pembeni, katikati peupe, mtu anasimama wima bila kuinama. Ken alinifuata kila mahali na misumari yake, na kila nilipogeuka alikuwa amekunja mmoja. Niliikata mingi. Aliongeza mingine. Tulimaliza kazi tukiongea kwa shida, lakini tulimaliza mvua ikiwa bado iko upande wa vilima vya Gwassi.

Magunia yalipopanda, yote pamoja na yale mawili yaliyoshonwa upya, Mourine alimwita mama yake. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango. Mama Benta aliingia akaenda moja kwa moja hadi kwenye siro. Aliipiga kwa kiganja mara mbili, akaiegemea kwa bega, akasukuma. Haikutikisika. Akaivuta stuli, kwa kuwa kiti kilivunjika, akakaa chini yake na kuegemeza mgongo. Nilisikia anavyopumua. Mimi nilikuwa nimeinamisha macho sakafuni kwa mazoea, nikizihesabu nyayo zangu mwenyewe kwenye vumbi la mbao.

"Ora," akaniita. Ndivyo wanavyomwita mkwe. "Inua macho. Si ni yako?"

Nikainua. Kitu cha kwanza nilichokiona, juu kabisa ya kichwa chake, ni msumari wa Ken, umetoboa ubao wangu mpya na kukunjwa ncha.